Kabla Mimba Haijajulikana

Jumatatu, 4 Septemba 2023. Rongo

Mtoto niliyempima leo ana miaka tisa, yuko Gredi ya 3. Mwalimu wake alinitahadharisha kabla hata sijaketi: "Huyu ni mkaidi, mwalimu. Jana alijua, leo amekataa kujua." Nayaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, kwa sababu ndiyo malalamiko ninayopokea shule baada ya shule, kuanzia Uriri mpaka Ndhiwa, na kila mara huletwa kama ushahidi wa tabia mbaya.

Nilimpa visoda ahesabu. Moja hadi nane alikwenda vizuri, kidole juu ya kila kisoda. Alipofika tisa akarukia kumi na mbili, akarudi tisa, kisha akanitazama usoni kuona kama nimebadilika. Nikamwagiza mambo matatu kwa mpigo: chukua chaki, funga mlango, njoo ukae karibu na dirisha. Alichukua chaki kwa furaha, akasimama nayo katikati ya chumba. Hakuwa amekataa lolote. Agizo la pili na la tatu hayakuwa tena kichwani mwake.

Macho yake yanasoma chati mpaka mstari wa mwisho. Masikio yanasikia mnong'ono. Hajawahi kuanguka kifafa. Ni mtoto mwenye mapenzi na watu, labda kupita kiasi: amenijua nusu saa na tayari anataka kupanda pikipiki aende nami.

Nyanyake alikuja baadaye, amebeba kijitabu cha kliniki kilichochakaa. Nikamwuliza kuhusu uzazi. "Alizaliwa mdogo sana, na miezi ilikuwa imetimia," akasema dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. "Mamake alikuwa anapika pombe hapo nyuma ya nyumba. Anayepika huonja, mwalimu. Na wateja humwongezea."

Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika chanzo, nami sikuiandika kitu. Huku kwetu malaria kali inaweza kuharibu ubongo wa mtoto, uchungu wa siku mbili unaweza, njaa ya miaka ya mwanzo inaweza. Lakini maneno ya dani nimeyaweka pembeni mwa ukurasa, na nimeanza kuuliza swali la pombe kwa kila mzazi anayekaa mbele yangu.

Jumatano, 6 Septemba. Usiku

Ninataka kujiandikia jambo hili kwa lugha ambayo ningeweza kumwambia mzazi yeyote.

Pombe haizuiwi na kondo la nyuma. Mama akinywa, muda si mrefu kiwango kilichomo katika damu ya mtoto kinakaribia kile cha mama. Mama ana ini la kuivunjavunja. Ini la kijusi bado halina uwezo huo, linamtegemea mama aisafishe. Sehemu nyingine huingia katika maji ya uzazi, na mtoto huyameza maji hayo. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ameshalevuka na kuanza kulima huku mtoto bado anaogelea ndani yake.

Kisha kuna suala la siku. Mrija ambao ndio utakuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Siku hiyo, mwanamke ambaye hedhi yake haina matatizo amechelewa wiki mbili tu. Wengi hawajashuku chochote. Mwaka 1981 mtafiti Kathleen Sulik wa North Carolina alionyesha kwa panya kwamba pombe ya siku moja, katika kipindi kinacholingana na wiki ya tatu ya binadamu, inatosha kuleta ule uso ambao madaktari huutafuta: mdomo wa juu mwembamba, kifereji cha chini ya pua kilichosawazika, mwanya wa macho mfupi.

Pombe ikija baada ya hapo, uso unabaki wa kawaida. Ubongo hausalimiki. Seli bado zinasafiri kutafuta mahali pake, zile nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo bado zinasukwa, na katika miezi mitatu ya mwisho ubongo unakua kwa kasi kubwa. Pombe huua seli au kuzipotezea njia katika kipindi chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana watoto wengi walioathiriwa hawana alama yoyote usoni, na ndiyo maana mtoto wa juzi anaitwa mkaidi. Angekuwa na alama, pengine angehurumiwa.

Jumamosi, 9 Septemba

Tangu 1999, siku ya tisa ya mwezi wa tisa huadhimishwa duniani kwa ajili ya watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni, kukumbusha ile miezi tisa ya mimba. Redio ya asubuhi haikutaja. Kanisani kesho nitaomba dakika tano baada ya matangazo.

Najiandaa kwa swali ambalo lazima litaulizwa: "Kwani hao wa zamani hawakunywa? Mbona walizaa?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba hata madaktari walichelewa. Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, walieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi mwaka 1968, na karibu hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle ndio walioipa hali hiyo jina katika jarida la Lancet. Na katika miaka hiyohiyo ya sitini na sabini, hospitali za Marekani na kwingineko zilikuwa zikiwatundikia wajawazito dripu ya pombe ili kuzuia uchungu wa mapema. Hospitali! Mtu asithubutu kusimama mbele ya mpika chang'aa wa Awendo na kumwambia angalipaswa kujua.

Lipo na lile la pili: "Mimi nilikunywa, na mwanangu ni mwalimu kama wewe." Hilo nalo ni kweli. Svetlana Popova na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba duniani kote karibu mwanamke mmoja kati ya kumi hunywa akiwa mjamzito, na kwamba kati ya kila 67 wanaokunywa, mmoja huzaa mtoto mwenye hali hiyo kamili, ile inayoonekana mpaka usoni. Jumla yao wakasema ni kama watoto 119,000 kila mwaka. Wale wenye madhara ya ubongo bila alama hawamo katika hesabu hiyo. Kiasi, siku, chakula cha mama, damu aliyorithi, vyote huamua. Hakuna anayeweza kumwambia mwanamke fulani kikombe gani ndicho kitakachomdhuru mtoto wake, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halina kiwango linachokiita salama.

Afrika Kusini, katika mashamba ya mizabibu ya Western Cape, vibarua walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai. Watoto wa huko wameathirika kuliko karibu popote palipochunguzwa. Tusisahau kwamba kuna aliyejaza vikombe vile.

Alhamisi, 14 Septemba. Awendo

Barabara imejaa matrekta ya miwa na makapi yake. Nilipelekwa na mhudumu wa afya wa kijiji kwa mama mmoja anayepika karibu na mto. Nilikuwa nimeomba ruhusa yake kwanza, na nilimwahidi kwamba jina lake wala la kijiji chake halitaandikwa.

Alinionyesha kazi yake kama mtu anayejivunia ufundi. Sukari nguru kutoka viwanda vidogo vya hapahapa inayeyushwa kwa maji, inatiwa kimea, inaachwa ndani ya pipa siku kadhaa mpaka iache kuchemka yenyewe. Halafu moto. Mvuke unapanda, unagonga chombo cha maji baridi, unatona. Matone ya kwanza ndiyo makali. Anayatia kwenye kifuniko na kuyawasha kiberiti aone mwali. Ya katikati anayapima kwa ulimi. Hapo nikauliza, "Siku ya kupika unaonja mara ngapi?" Akafikiri. "Kila chupa, mwalimu. Nikiuza kitu kibaya mtu akafa, nitaenda wapi?"

Basi anaonja kwa kulinda wateja wake. Ana watoto wanne, wawili wako sekondari, na karo yote hutoka ndani ya lile pipa. Mumewe alifariki. Polisi huja, humwaga, humtoza kitu, huondoka. Wiki inayofuata anakopa sukari nguru nyingine. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kutiwa kwenye chupa zenye maandishi. Mama huyu na wenzake hawana mtaji wa hayo, kwa hiyo wamebaki haramu palepale walipokuwa.

Nikamweleza habari za wiki ya tatu na ya nne. Hakubisha. Aliuliza jambo moja ambalo sikulitarajia: "Na yule aliyekuwa anapika akiwa hajui kama ana mimba, leo akijua, kuna maana aache?" Nilimjibu kwa nguvu zangu zote kwamba maana ipo. Ubongo unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake. Kila wiki isiyo na pombe ni wiki aliyoipata mtoto. Akaita binti mmoja aliyekuwa akichanja kuni, kama miaka ishirini, akamwambia kwa Kijaluo aje akae asikilize. Binti alikaa. Sikumwuliza chochote. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba kuanzia sasa kazi yake ni kuni na maji, kuonja kutakuwa kwa mwingine.

Laiti wanaotunga mabango ya kuzuia ulevi wangemsikia mama huyu.

Tuliongea pia kuhusu imani kwamba busaa huongeza maziwa. Nilimwambia uji wa wimbi, maji mengi na kumnyonyesha mtoto mara kwa mara vinamtosha mzazi. Akacheka, akasema wakwe ndio watakaonipinga.

Jumatano, 20 Septemba. Homa Bay

Siku ya kliniki ya wajawazito. Rafiki yangu muuguzi alinikaribisha nikae kwenye kona, kwa idhini ya kina mama. Mlango uko wazi upande wa ziwa na harufu ya omena inaingia na upepo.

Kazi wanayofanya watu hawa katika dakika chache ni kubwa. Uzito, presha, damu, kaswende, HIV, utepe wa mkono, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria inayomezwa mbele ya muuguzi, chandarua. Kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, zimebeba mzigo mzito wa HIV kwa miongo mingi, na nakumbuka wakati neno lenyewe lilikuwa halitamkwi. Leo mama anapimwa katika ziara yake ya kwanza bila mtu kugeuka kumwangalia, na watoto wengi wanazaliwa salama kwa sababu hiyo. Tulijifunza kuuliza. Swali la pombe bado hatujajifunza.

Mama wa kwanza aliulizwa na mwanafunzi wa uuguzi: "Unakunywa pombe?" "Hapana." Ikaisha hapo. Swali la namna hiyo lina jibu moja tu mbele ya watu.

Rafiki yangu hufanya vingine. Anasubiri mpaka akifunga kipimo cha presha, mkono wa mama ukiwa bado mikononi mwake, ndipo anauliza taratibu, "Mama, kabla ujue uko na mimba, ulikuwa unapenda kinywaji gani? Soda, chai, busaa, chang'aa?" Mambo ya kabla hayana aibu nyingi. Akitajiwa busaa, anaendelea: "Ilikuwa inachukua vikombe vingapi ndio uanze kuisikia?" Anayehitaji vitatu au zaidi, mwili umezoea, na anajua atamrudia. Mama mmoja wa wiki ya 22 alijibu kwamba vinne, na kwamba bado Jumapili hunywa na mumewe. Hakukemewa. Walikubaliana siku ya kurudi, na akaombwa aje na mume.

Kuna jambo muuguzi alilonifundisha ambalo lazima niwaambie wahudumu wote ninaokutana nao. Mwanamke anayekunywa kila siku, anayetetemeka asubuhi mpaka apate kikombe, asiambiwe aache ghafla usiku huohuo. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege na kumhatarisha yeye na mtoto. Huyo hupelekwa kwa daktari, aachishwe akiangaliwa.

Tatizo lililobaki ni kalenda. Wengi wanafika kliniki mara ya kwanza mwezi wa nne au wa tano. Ule mrija wa ubongo ulishajifunga zamani. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito peke yake haiwezi kuulinda ubongo wa mtoto. Lazima swali liulizwe mahali pa kupanga uzazi, kwa wanawake ambao hawana mimba, na mtu anayekunywa apewe njia anayoitaka ya kuzuia mimba mpaka awe tayari. Kwa wasichana ni vigumu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Homa Bay, na asilimia 23 vilevile kule Migori, wameshawahi kupata mimba. Nchi nzima ni 15. Nyingi kati ya mimba hizi hufichwa mpaka tumbo liseme lenyewe. Na tunajua disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye matanga, huwa na nini ndani ya vile vikombe vya plastiki.

Jumatatu, 25 Septemba

Leo Rais amewazindua rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 pale Uhuru Park, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa: kipimo cha presha, cha sukari, kipimajoto, simu. Furaha yangu ni ya kweli. Hawa ndio wanaoijua nyumba ya mtu kabla ya tumbo kuonekana.

Kule Kamagambo Kaskazini, si mbali na Rongo, tumeliona jambo hili likifanya kazi. Shirika la Lwala, lililoanzishwa na ndugu Milton na Fred Ochieng' na kufungua kliniki mwaka 2007, liliwachukua nyamrerwa, wakunga wa jadi waliokuwa wakizalisha nyumbani, likawafunza wawe wa kutafuta wajawazito na kuwafikisha hospitali mapema. Bibi ambaye jana alionekana ni tatizo akawa mlango. Ndiyo maana siku ile ya Awendo nilitoka na matumaini: mama mpika pombe naye anajua, kabla ya muuguzi yeyote, ni mteja gani wa kike ameanza kutapika asubuhi.

Jumamosi, 30 Septemba. Nyatike

Machimbo ya dhahabu. Wanawake wanaponda mawe, wanaosha udongo, wengine wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye karai. Moshi ule nao huumiza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Niliwaambia wajawazito wasikae upande unakoelekea moshi, nikijua kuwa ushauri huo ni mdogo mno mbele ya njaa.

Jioni nilikaa na wanaume. Mchana walipata fedha, kwa hiyo vikombe vilikuwa vimeanza. Nilisema jambo moja tu: mwanamke ambaye mumewe anakunywa naye ndiye anayeshindwa kuacha. Kijana mmoja akasema, "Lakini ni yeye mwenye tumbo." Mzee wa machimbo akamjibu kabla yangu: "Na anayemnunulia ni nani?" Wakaendelea kubishana wao kwa wao nikawaacha, kwani ubishi ule ulikuwa na faida kuliko hotuba yangu.

Jumatano, 4 Oktoba

Dani wa Rongo amenipigia simu kuuliza kama kuna dawa. Ya kurudisha seli zilizokufa haipo. Kuna wanaotafuta kinga. Mjini Cape Town, Sandra Jacobson na wenzake waliwapa wajawazito wanaokunywa sana kirutubisho cha kolini, gramu 2 kila siku kuanzia katikati ya mimba, na watoto wa waliokimeza walikua na kujifunza vizuri zaidi kuliko wa wenzao. Matokeo yalichapishwa 2018. Wanawake walikuwa wachache, kama 70, kwa hiyo ni mwanzo tu.

Kolini iko kwenye mayai, samaki, maini, maharagwe, njugu karanga. Yai moja lina kama miligramu 150, kwa hiyo kiasi cha Cape Town hakifikiwi kwa sahani. Hata hivyo nimesikitika kukumbuka ni nyumba ngapi bado zinamwambia mjamzito asile mayai, mtoto asije akawa mkubwa. Chakula kizuri na damu ya kutosha humsaidia mtoto kwa kila hali. Havifuti pombe, na sitaki mtu yeyote aseme kwamba nilimwambia anywe ilimradi amekula yai.

Alhamisi, 12 Oktoba. Rongo

Nimerudi kwa mtoto wetu. Mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na dani walikaa pamoja nami, na nikaomba kwanza fimbo iliyokuwa juu ya kabati iondolewe ofisini. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Na kwa mtoto asiyeunganisha kosa la asubuhi na kipigo cha mchana, fimbo haifundishi kitu chochote ila hofu.

Tumekubaliana: agizo moja kwa wakati mmoja, alirudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Kiti cha mbele, mbali na mlango. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha ukutani, isibadilishwebadilishwe. Hesabu zifanywe kwa visoda hata kama wenzake wameshaacha. Jambo lililojulikana jana lirudiwe leo bila kunung'unika, na kesho tena. Na kwa kuwa atamfuata yeyote anayemchekea, awepo mtoto mkubwa wa kwenda naye nyumbani. Mwalimu wa darasa aliandika yote. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuwa ananidharau," na tukasonga mbele.

Dani alikuwa na swali lake. Mama wa mtoto yuko Nairobi, amepata mume, na amemwambia kwa simu kwamba ana mimba changa. Amwambieje bila kumfanya ajione ameharibu huyu wa kwanza? Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima tukitafuta maneno. Dani aliamua kutoanza na yaliyopita. Atamwuliza anakula nini, anaenda kliniki lini, na mumewe anakunywa kiasi gani. Atamwomba ampe mume simu azungumze naye kama mkwe. Nauli ya kwenda kliniki atamtumia yeye, kutoka kwenye kuku.

Nimempa namba ya rafiki yangu wa Homa Bay ili binti ampigie mwenyewe akipenda. Mwalimu mkuu ameniruhusu niongee Jumanne na wazazi wa kiume kabla ya mkutano wa chakula cha shule. Vijana wa boda boda wa stejini nao wameomba waje, kwa sababu wao ndio wanaowabeba wasichana kutoka disko matanga.